Karafuu ndani ya kikombe chako
Jioni hapa Ndalambo unachemsha mchaichai, tangawizi na punje mbili za karafuu, bila majani ya chai. Funika sufuria, harufu isipotee. Tangawizi imetajwa katika Surat Al-Insan, aya ya 17, kwenye kinywaji cha watu wa Peponi. Alhamdulillah.

Karafuu je? Zilienea Unguja na Pemba enzi za Sayyid Said, zikachumwa na watumwa waliotolewa bara, wakiwemo watu wa huku kwetu, kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Na wenye mashamba wengi walikuwa Waislamu wenzetu, tusifiche. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873. Utumwa wenyewe ukaja kufutwa kisheria 1897. Hesabu mwenyewe: miaka 24, na karafuu ziliendelea kuchumwa.