Jozi za Namba katika Ardhi ya Kinyerezi

Zamani, kabla mitambo ya umeme wa gesi haijasimama Kinyerezi, jijini Dar es Salaam, na mashamba hayajageuka viwanja, mpaka wa ardhi aghalabu ulijulikana kwa mti, kijito na ushahidi wa jirani; kisha likaja jiwe la mpimaji, lililoandikiwa jozi ya namba, ya mashariki na ya kaskazini, kwa mfumo wa Arc 1960, ukanda wa 37 Kusini.

Tarihi hiyo ina tawi lake Marekani, ambako Gerald Evenden, mtumishi wa idara ya serikali ya jiolojia, aliasisi mnamo miaka ya 1980 programu ya PROJ, igeuzayo latitudo na longitudo kuwa mita za ramani. Nayo ilipotiwa katika lugha ya C, waandishi wa programu nyingine walikabidhiwa muundo sahili, projUV, wenye namba mbili tu ndani yake. Hapo palikuwa na hatari, nami naihesabu kubwa: projLP ya pembe na projXY ya mita yalikuwa majina mawili ya muundo ule ule, hata kompyuta isiweze kumkanya aliyezichanganya. Kiolesura kipya cha toleo la 5, mwaka 2018, kilizitenga jozi hizo, PJ_LP na PJ_XY.

Haja ya kutochanganya jozi za namba ni dhahiri pia katika bonde la Msimbazi, jijini humo, kwani vijana wa mradi wa Ramani Huria, waliochora ramani za mafuriko tangu 2015, walitumia vipimo vya setilaiti, vyenye mfumo wake, ilhali mawe ya zamani yana hesabu ya Arc 1960, na baina ya mifumo hiyo miwili nukta moja huhama mamia ya mita.