Mkono na Kitabu: Historia ya Mafunzo ya Utabibu wa Ayurveda

Ayurveda ni mfumo wa tiba uliokua katika Bara Hindi kwa zaidi ya miaka 2,000, nao umejengwa juu ya rai kwamba afya hutegemea uwiano wa nguvu tatu za mwili, yaani vata, inayoendesha mwendo, pitta, inayoendesha joto na usagaji wa chakula, na kapha, inayoupa mwili umbo na unyevu. Dawa na lishe za mfumo huu zinajulikana duniani kote, lakini namna tabibu wake, aitwaye vaidya, alivyofundishwa kazi ni jambo linalostahili kuangaliwa peke yake, kwa kuwa humo mna kisa cha elimu ya kitabu na elimu ya mkono, ambazo hapo awali zilikwenda pamoja, zikatengana kwa karne nyingi, na hadi leo hazijapatana sawasawa.

Kitabu cha Charaka, kilichopata umbo lake katika karne za mwanzo za zama za Kristo, kinamtaka mwanagenzi achague kwanza kitabu atakachosoma, ndipo achague mwalimu, na mwalimu naye anaagizwa ampime mwanafunzi kwa tabia, kumbukumbu na utulivu kabla ya kumpokea. Mapokezi yenyewe yalifanyika mbele ya moto wa ibada, na hapo mwanafunzi alifunzwa masharti mazito: aseme kweli, asibebe silaha, asimtibu mwanamke bila mume au mlezi wake kuwapo, na asitoe nje siri za nyumba aliyoingia kutibu. Aliishi na mwalimu, akakariri aya, akaandamana naye kwa wagonjwa, akajifunza kuitambua mimea, ukiwamo mwarobaini, ambao wakazi wa pwani ya Afrika Mashariki wanaujua vyema. Charaka anasisitiza pia mijadala baina ya matabibu, na maelezo yake kuhusu namna ya kubishana kwa hoja ni marefu kuliko msomaji wa leo angetarajia katika kitabu cha tiba.

Kitabu cha Sushruta, ambacho mkazo wake ni upasuaji, kinakwenda mbali zaidi, kwa kuwa hakimhesabu aliyemaliza kusoma kuwa yu tayari kumgusa mgonjwa mpaka aizoeze mikono yake. Kukata kulifundishwa kwa mung'unye, matikiti na matango. Kupasua kulijaribiwa kwenye viriba vya ngozi vilivyojazwa maji na tope. Kukwangua kulifanywa juu ya ngozi yenye manyoya, kutoboa kwenye mishipa ya wanyama waliokufa na mashina ya yungiyungi, kushona kwenye kitambaa na ngozi laini, na kufunga vidonda kwenye sanamu ya mtu. Ili mwanafunzi aujue mwili kwa ndani, maiti ilizungushiwa nyasi, ikawekwa ndani ya kizimba na kuzamishwa mahali pa faragha katika mto usio na mkondo mkali kwa usiku saba, kisha ikasuguliwa polepole kwa brashi za mizizi, nywele na mianzi hadi kila tabaka, kuanzia ngozi, lionekane kwa macho. Njia hiyo haikuweza kuonyesha viungo laini kwa usahihi ambao kisu kingeuonyesha, lakini msimamo ulio nyuma yake ni wa kisayansi kabisa: kilichosomwa lazima kishuhudiwe.

Msimamo huo haukudumu. Kadiri karne zilivyopita, vaidya wenye elimu ya Kisanskriti waliegemea zaidi vitabu, fafanuzi na dawa, na upasuaji ukawa kazi ya mafundi ambao wengi wao hawakusoma vitabu hivyo. Ushahidi mashuhuri ulitokea mwaka 1794, jarida la Gentleman's Magazine la London lilipoeleza habari za Cowasjee, mwendesha magari ya ng'ombe wa jeshi la Waingereza, ambaye pua yake ilikuwa imekatwa na watu wa Tipu Sultan, mtawala wa Mysore, na ambaye alitengenezewa pua mpya karibu na Poona kwa ngozi ya paji la uso na mtu wa tabaka la wafyatua matofali. Sushruta alikuwa ameeleza upasuaji wa aina hiyo kwa ngozi ya shavu. Habari hiyo ilimfikia daktari Joseph Carpue wa London, aliyefanya upasuaji kama huo mwaka 1814. Kwa hiyo dai kwamba ukoloni peke yake ndio uliouua upasuaji wa Ayurveda halisimami, kwa kuwa Waingereza waliukuta mkono na kitabu vimekwisha kuachana.

Hata hivyo ukoloni uliongeza mfarakano. Chuo cha Kisanskriti cha Calcutta kilifungua darasa la Ayurveda mwaka 1827, lakini mwaka 1835 serikali ililifunga na kuanzisha Chuo cha Tiba cha Calcutta kilichofundisha tiba ya Ulaya peke yake. Mwaka uliofuata Madhusudan Gupta, vaidya aliyekuwa mwalimu katika darasa lililofungwa, alipasua maiti mbele ya wanafunzi wa chuo kipya, na inastahili kukumbukwa kwamba mtu huyo alilelewa katika elimu ileile iliyowahi kumtaka mwanagenzi auone mwili kwa macho yake.

Uhuisho wa Ayurveda ulitoka kwa Wahindi wenyewe. P. S. Varier wa Kerala, aliyesoma kwa mwalimu wa ukoo wa Ashtavaidya, yaani koo za Kibrahmini zilizorithishana tiba hii, na kisha kujifunza tiba ya Kizungu kwa daktari, alianzisha Arya Vaidya Sala huko Kottakkal mwaka 1902 na shule ya Ayurveda mwaka 1917. Madras ilipata shule ya serikali ya tiba za Kihindi mwaka 1925. Hapo ndipo ulipozuka ubishi baina ya waliotaka Ayurveda tupu na waliotaka ichanganywe na tiba ya kisasa, ubishi ambao huko Madras ulimalizika kwa pigo, kwani mwaka 1960 chuo kilichotokana na shule hiyo kiligeuzwa kuwa chuo cha tiba ya kisasa cha Kilpauk.

Sheria ya mwaka 1970 iliunda baraza la kusimamia mafunzo katika India nzima, na shahada ikawa ya miaka mitano na nusu, ukiwamo mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini. Novemba 2020 baraza hilo lilitoa agizo lililotaja aina 58 za upasuaji ambazo wanafunzi wa shahada ya juu ya upasuaji wa Ayurveda wangefundishwa kuzifanya, na tarehe 11 Desemba madaktari wa tiba ya kisasa wakalipinga kwa kugoma kutoa huduma zisizo za dharura. Watetezi wa agizo walimtaja Sushruta, lakini kwa kipimo cha Sushruta mwenyewe ukale wa kitabu haumpi mtu ruhusa ya kushika kisu. Kinachohitaji jibu ni saa ngapi mwanafunzi huyo atakaa katika chumba cha upasuaji, kwa wagonjwa wangapi, na chini ya usimamizi wa nani.