Kunakili na Kuiga: Historia ya Muhuri Usiochongwa

Kiswahili hutenganisha vitenzi viwili ambavyo katika taaluma ya usalama wa kompyuta huchanganywa mara kwa mara: kunakili na kuiga. Anayenakili hati huwa na asili mbele yake, akatoa ya pili inayolingana nayo. Anayeiga sauti ya mtu hahitaji koo la mtu huyo. Humtosha kumsikiliza hadi aweze kutamka kama yeye. Mhadhara huu unadai kwamba historia ya kulinda vifaa vya kielektroniki kwa tofauti zao za kimaumbile haieleweki barabara bila kuzitenga dhana hizo mbili.

Ulinzi huo ulizaliwa na kasoro. Transista mbili zilizotengenezwa kwa mchoro mmoja hazilingani kikamilifu. Na kadiri vipimo vinavyoshuka kufikia nanomita chache, ndivyo atomu chache zilizozidi au kupungua zinavyobadili tabia ya kila moja. Wahandisi walijitahidi kuzipunguza tofauti hizo. Mwaka 2000 Keith Lofstrom na wenzake walionyesha kwamba zingeweza kutumika kukitambua kipande kimoja cha silikoni miongoni mwa vingi.

Mwaka 2002 Ravikanth Pappu na wenzake wa MIT, Marekani, walipitisha mwanga wa leza katika kibonge cha epoksi chenye vipira vidogo vya kioo. Kila pembe ya mwanga ilitoa mchoro wake wa madoa. Mwaka huohuo Blaise Gassend na wenzake, pia wa MIT, walilihamishia wazo hilo kwenye silikoni, wakipima tofauti za muda ambao ishara huchukua kupita katika saketi. Kifaa kilipewa swali, kikajibu kwa maumbile yake.

Mwaka 2007 watafiti wa Philips, Uholanzi, waligeukia seli za kumbukumbu. Umeme unapowashwa, kila seli huelekea sifuri au moja kwa kufuata maumbile yake. Kwa kuwa baadhi ya seli huyumba, majibu husahihishwa kihisabati kabla ya kuwa ufunguo. Faida yake ni kubwa: ufunguo hauhifadhiwi popote, hivyo umeme ukizimwa haubaki mahali unapoweza kusomwa.

Vifaa hivyo vilipewa jina linalotangaza kuwa havinakiliki. Jina hilo liliahidi mengi. Mwaka 2010 Ulrich Rührmair na wenzake walichukua maswali na majibu ya saketi za kupima muda, wakaifunza programu ya kompyuta, nayo ikatabiri majibu mapya kwa usahihi mkubwa. Hawakunakili chochote, waliiga. Mwaka 2013 Clemens Helfmeier na wenzake, huko Berlin, walikwenda mbali zaidi: kwa kutumia miale ya ioni walikirekebisha kifaa cha pili hadi seli zake zikajibu kama za kifaa cha kwanza. Safari hii hata kunakili kuliwezekana.

Watafiti waliendelea kutafuta maumbile mapya, yakiwemo ya neli za kaboni zenye upana wa nanomita. Hata hivyo, somo la miaka hiyo halikubadilika: kutokuwa na pacha si sawa na kutoweza kuigwa. Kwa waundaji wa istilahi za Kiswahili hilo si jambo dogo. Istilahi isemayo “kisichonakilika” huteua hatari moja na kuifunika nyingine, na msomaji anayeiamini huacha mlango wazi. Lugha iliyokwisha kuvitenga vitenzi hivyo viwili haina sababu ya kuviunganisha upya inapotafsiri.