Ndoa Iliyofutwa: Kuporomoka kwa The Amazing Spider-Man Machoni pa Mshabiki Wake

Kukata tamaa kwa mshabiki hakujapewa uzito unaostahili katika uhakiki, kwa kuwa hudhaniwa kuwa ni hasira ya mtu aliyezoea jambo na asiyetaka libadilike. Dhana hiyo inapotosha. Katika hadithi ya mfululizo, yaani ile inayotolewa sehemu kwa sehemu kwa miaka mingi, waandishi hupokezana kalamu na kuondoka, ilhali msomaji hubaki. Yeye ndiye mtunza kumbukumbu ya hadithi, na anapolalamika kwamba kumbukumbu hiyo imekanyagwa, lalamiko lake ni ushahidi wa kuchunguzwa. Jarida la katuni la The Amazing Spider-Man, linalochapishwa na kampuni ya Marvel ya Marekani, ni mfano ulio wazi. Makala haya yanadai kuwa jarida hilo halikuporomoka kwa uhaba wa vipaji, bali kwa sababu wahariri wake waliamua kumnyang'anya shujaa wao wakati.

Msomaji aliyelelewa na visa vya Abunuwasi anajua kwamba mhusika anaweza kuishi nje ya wakati: kila kisa hujitegemea, na hakuna anayeuliza jeraha la jana limepona vipi. Peter Parker, kijana anayejificha nyuma ya kinyago cha Spider-Man, hakuundwa hivyo. Stan Lee na Steve Ditko walipomleta kwa wasomaji mwaka 1962, walimpa kosa kabla ya kumpa ushindi, kwani alimwacha mwizi apite bila kumzuia, na mwizi yuleyule akaja kumuua ami yake, Ben, aliyemlea. Tangu hapo hadithi nzima ikawa ya mtu anayelipa deni lisilolipika. Wakati nao ulikuwa ukisonga: mwaka 1965 kijana huyo alimaliza shule na kuingia chuo kikuu, na mwaka 1987 akamwoa Mary Jane Watson.

Hakuna toleo linaloonyesha nguvu ya utaratibu huo kuliko lile la 121, la mwaka 1973, lililoandikwa na Gerry Conway na kuchorwa na Gil Kane. Adui anamtupa Gwen Stacy, mpenzi wa Peter, kutoka juu ya daraja. Shujaa anarusha utando na kumdaka mguuni, lakini mshtuko wa kudakwa unamvunja shingo. Mkono uliokusudia kuokoa ukawa sehemu ya mauti. Wasomaji wengi walikasirika, lakini hasira yao ilikuwa ya wafiwa, si ya watu waliodanganywa, kwa maana kifo kile kilichukuliwa kwa uzito: Peter aliomboleza, akabadilika, na Mary Jane naye, aliyekuwa msichana wa mzaha na starehe, akaanza kukomaa mbele ya macho yao. Tofauti hii kati ya huzuni na usaliti ndiyo kiini cha suala zima, na wahariri waliokuja baadaye hawakuizingatia.

Ufa wa kwanza mkubwa ulionekana kati ya 1994 na 1996, katika mkasa wa nakala, yaani watu waliotengenezwa maabara kwa mfano wa mtu halisi. Msomaji aliambiwa kwamba Peter aliyemfuata tangu miaka ya 1970 alikuwa nakala tu, kisha, baada ya mkasa kurefushwa kupita kiasi kwa kuwa uliuzika, akaambiwa kwamba sivyo.

Pigo lililokata mzizi lilikuja mwaka 2007, katika mkasa wa One More Day, ulioandikwa na J. Michael Straczynski na kuchorwa na Joe Quesada, ambaye wakati huohuo alikuwa mhariri mkuu wa Marvel. May, mjane wa Ben, yu mahututi kwa risasi iliyokusudiwa kumuua Peter, naye shetani aitwaye Mephisto anajitolea kumponya kwa sharti kwamba ndoa ya Peter na Mary Jane ifutwe, iwe kana kwamba haikuwahi kufungwa. Wanakubali. Mtu aliyefundishwa na kifo cha ami yake kubeba matokeo ya matendo yake anayakwepa kwa kupatana na shetani, na miaka 20 ya kumbukumbu za wasomaji inatangazwa kuwa haikutokea kama walivyoisoma. Straczynski mwenyewe alieleza hadharani kwamba hakuridhika na hitimisho hilo.

Quesada alikuwa na hoja yake: ndoa ilimzeesha shujaa na kumweka mbali na wasomaji vijana. Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi, kwani jarida lisilopata wasomaji wapya hufa pamoja na wa zamani. Hata hivyo, kampuni ileile iliijibu mwaka 2011 kwa kumleta Miles Morales, kijana mwingine anayevaa vazi la Spider-Man, aliyebuniwa na Brian Michael Bendis na Sara Pichelli. Ujana ulipatikana kwa kumwongeza mrithi. Haukuhitaji kumrudisha mtu mzima utotoni.

Jarida lililozoea kufuta hupoteza uwezo wa kuumiza. Mwaka 2023, Kamala Khan, msichana shujaa ajulikanaye kama Ms. Marvel, aliuawa katika toleo la 26 la mfululizo wa wakati huo, na takriban miezi miwili baadaye akafufuliwa katika jarida jingine. Kilio cha mwaka 1973 hakikuweza kujirudia, kwa kuwa msomaji amefundishwa na waandishi wenyewe asiamini kaburi lolote.

Mwaka 2024 Marvel ilianza kuchapisha Ultimate Spider-Man, ya Jonathan Hickman na Marco Checchetto, iliyowekwa katika ulimwengu mwingine wa kubuni, ambamo Peter ni mtu mzima mwenye mke, Mary Jane, na watoto wawili. Wasomaji waliipokea kwa shangwe. Katika jarida lenyewe la The Amazing Spider-Man, mwaka huo ulikwisha bila ndoa ya 1987 kurejeshwa.