Waya Hadi Mlangoni

Mtu atembeaye leo katika mitaa ya Thika na Ruiru, akiinua macho, ataona visanduku vidogo vimefungwa juu ya nguzo na kwenye kuta za nyumba. Humo ndimo ziungwamo nyuzi za faiba ziletazo intaneti majumbani. Wengi huvipita visanduku hivi bila ya kuuliza habari zake, maana si vikubwa wala si vya kupendeza. Hata hivyo kila kimoja ni mwisho wa safari ya zaidi ya miaka mia moja na arobaini, na swali la kuuliza katika safari hiyo yote ni hili: waya ulisimama mlangoni pa nani?

Neno letu simu lina asili ya Kiajemi, na maana yake huko ni waya. Waya wa kwanza wa habari kuifikia pwani yetu ulipita chini ya bahari. Mwaka 1879 kampuni ya Kiingereza ililaza waya kutoka Aden mpaka Unguja, ukaendelea mpaka Msumbiji na Durban. Mwaka 1890 Mombasa nayo ikaunganishwa na Unguja. Reli ilipoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, nyaya za simu zilifuatana nayo hadi Nairobi mwaka 1899, na Kisumu mwaka 1901. Tawi la reli likafika Thika mwaka 1913, likipita Ruiru katikati ya mashamba ya walowezi. Katika enzi ile simu iliwekwa penye stesheni, penye posta, penye ofisi ya serikali na penye nyumba ya mwenye shamba. Kibarua aliyechuma kahawa alipita chini ya waya kila siku, lakini waya haukuwa na neno naye.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, kazi ya posta na simu ilikuwa ya shirika moja la nchi tatu za Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, Kenya ikaanzisha shirika lake yenyewe. Simu ya nyumbani iliendelea kuwa mali ya wachache: mwombaji aliweza kungoja miaka, na wengi walitegemea kibanda cha simu cha mjini. Tena waya wenyewe ulikuwa wa shaba, na shaba huuzwa kwa uzito. Wezi walikata nyaya usiku wakaziuza, na asubuhi mtaa mzima ukaamka bubu. Simu za mkononi zilipoenea baada ya mwaka 2000, watu wengi walipata simu bila ya kupata kamwe waya nyumbani mwao.

Wakati huo mrithi wa shaba alikuwa amekwisha kuzaliwa. Mwaka 1966 Charles Kao, mzaliwa wa Shanghai aliyefanya kazi Uingereza, alionyesha kwamba kioo kikisafishwa vya kutosha kitaweza kupeleka mwanga wenye habari mwendo mrefu. Mwaka 1970 wataalamu wa kampuni ya Corning, nchini Marekani, wakafaulu kuutengeneza uzi wa namna hiyo. Kwetu Kenya habari za ng'ambo zilitegemea setilaiti kwa miaka mingi, kupitia kituo cha Longonot kilichofunguliwa mwaka huo huo wa 1970. Njia hiyo ilikuwa nyembamba na ya gharama kubwa. Mwaka 2009 Kao alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia, na katika mwaka huo nyuzi za kioo zikatua Mombasa: mkongo wa TEAMS ulifika kutoka Fujairah mwezi wa Juni, na ule wa SEACOM ukaanza kazi mwezi wa Julai.

Mwaka 2009 ndio pia ulioanza ujenzi wa barabara kuu mpya ya Nairobi hadi Thika, iliyofunguliwa mwaka 2012. Mashamba ya kahawa ya kandokando yakakatwa viwanja, na ghorofa za kupanga zikaota mahali pa mibuni. Ruiru, iliyokuwa na watu wapatao 240,000 mwaka 2009, ilihesabiwa watu wapatao 490,000 mwaka 2019. Thika ilikuwa na zaidi ya 250,000. Watu walipokaa wengi pamoja, kampuni ziliona faida ya kuvuta faiba, mara nyingi juu ya nguzo za umeme. Waya uliokuwa ukiwafuata wenye mashamba ukaanza kuwafuata wapangaji.

Na tukitazame sasa kisanduku chenyewe. Uzi mmoja utokao kituoni huingia katika kisanduku cha nguzoni, na humo kigawanyi huugawa mwanga wake mafungu 8, au 16, au zaidi, kila nyumba ikapata fungu lake. Uzi wenyewe ni mwembamba kama unywele. Kutoka hapo waya huvutwa mpaka ukutani pa mpangaji, na ndani ya kisanduku kidogo zaidi huungwa na waya uingiao chumbani. Fundi huziunga ncha kwa kuziyeyusha kwa cheche ya umeme, au kwa vichwa vya kuchomeka vya rangi ya kijani, vilivyochongwa mshazari ili mwanga usirudi ulikotoka. Waya huachwa uning'inie kidogo kabla ya kupanda na kuingia tunduni, ili maji ya mvua yadondokee nje. Ndani huzungushwa kwa duara pana, kwani kioo kikipindwa sana mwanga huvuja.

Kazi hii yote huharibiwa kwa urahisi. Kioo hakina bei kwa muuza vyuma chakavu, lakini mwizi asiyejua hukikata akidhani ni shaba. Mfuniko ukiachwa wazi, vumbi, unyevu na sisimizi huingia. Mkono wa pupa ukivuta uzi katika kisanduku cha nguzoni huweza kuzima nyumba za majirani. Mwanga uliovuka bahari salama hupotea hatua chache kabla ya mlango.

Wala safari haijaisha. Mwezi wa Machi 2020 shule za Kenya zilifungwa kwa sababu ya korona, na wengi wa wanafunzi hawakurudi darasani mpaka Januari 2021. Katika miezi ile tofauti ya zamani ilionekana tena: mtoto mwenye waya nyumbani aliweza kumsikiliza mwalimu, na mwenzake wa ploti isiyo na kisanduku alingoja simu ya mzazi na senti za kununua bando. Basi, msomaji, upitapo Ruiru au Thika, ihesabu milango yenye kisanduku, kisha uihesabu isiyo nacho. Hesabu hiyo ya pili ndiyo kazi iliyobaki.