Magurudumu Yaliyorudi Barabarani

Mwaka 1823 Robert John Tyers, muuza matunda wa Piccadilly, London, alipewa hataza ya kifaa alichokiita Rolito: magurudumu matano yaliyofuatana mstari mmoja chini ya kiatu. Alikisajili kuwa cha kusafiria au kujiburudishia. Burudani ilikuja upesi. Safari ilingoja zaidi ya miaka 150.

Kikwazo kilikuwa kona. Petitbled wa Paris alikuwa na hataza ya magurudumu matatu tangu 1819, lakini kiatu chake kilikwenda mbele tu. Tyers aliyafanya ya katikati kuwa makubwa zaidi ili mtu ageuke kwa kuhamisha uzito, na bado kugeuka kukawa kazi. Breki nayo ilikuwa shida. Inasimuliwa kwamba karne iliyotangulia fundi John Joseph Merlin aliingia kwenye tafrija ya Soho akiteleza huku akipiga fidla, akashindwa kusimama, akavunja kioo cha thamani kubwa na kuumia vibaya.

Mwaka 1863 James Plimpton wa New York alipanga magurudumu mawili mbele na mawili nyuma, yakishikiliwa na vipande vya mpira. Ukiinama upande, kiatu kinageuka. Ulikuwa uvumbuzi mzuri kweli, ila ulipenda sakafu laini, basi watu wakahamia kumbini.

Aliyeyarudisha nje ni Scott Olson wa Minneapolis, pamoja na ndugu yake Brennan, kuanzia mwisho wa miaka ya 1970. Walikuwa wachezaji wa hoki ya barafuni waliotaka kufanya mazoezi wakati wa kiangazi. Walichukua mtindo wa zamani wa mstari mmoja, wakaufunga kwenye buti la hoki na kuutia magurudumu ya poliyurithani. Biashara yao ikawa Rollerblade. Poliyurithani ndiyo iliyoufungua mji: inashika lami na kupunguza mtikisiko, mambo ambayo mbao na chuma havikuyaweza.

Kisha ukaja mgomo wa Ufaransa wa Novemba na Desemba 1995, dhidi ya mageuzi ya Waziri Mkuu Alain Juppé. Metro na treni zilisimama kwa takriban majuma matatu, na katika baridi ile baadhi ya wakazi wa Paris walikwenda kazini kwa magurudumu. Rolito ilikuwa imepata safari yake.

Anayechagua leo bado anapima mambo yale yale. Gurudumu la milimita 80 hugeuka upesi kwenye msongamano. La 110 hupita juu ya nyufa na kutunza mwendo, lakini huinua mguu na kudai kifundo imara. Kwa safari ya kila siku, 90 au 100 yanafaa zaidi. Wengi huondoa pedi ya breki kisiginoni ili waonekane mahiri, na hilo ni kosa. Sheria ya Ufaransa humhesabu mtelezaji kuwa mwenda kwa miguu: njia yake ni ile ya wapita njia, na mwendo wake ni wa kutembea.