Umeme wa Lufira na Majiko ya Likasi

Mwaka 1930 mitambo ya Mwadingusha ilianza kuzalisha umeme kwenye maporomoko ya Cornet, katika mto Lufira, kaskazini mashariki mwa Likasi. Mto ulizibwa, ziwa Tshangalele likatanda nyuma ya bwawa, na nyaya zikavutwa hadi Shituru, huko Likasi, ambako kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa imejenga kiwanda cha shaba. Wakati huo Wabelgiji waliuita mji wa Likasi Jadotville.

Umeme huo ulikuwa na mwenyewe. Huko Shituru, madini yaliyeyushwa kwa asidi, kisha mkondo wa umeme ukapitishwa ndani ya maji yake hadi shaba safi ikaganda kwenye mabamba. Kazi hiyo hula umeme usiku na mchana, kwa hiyo kituo cha Koni kikaongezwa mwaka 1950, halafu vikaja Nzilo na Nseke katika mto Lualaba. Nyumbani kwa wafanyakazi, mbabula ya makala iliendelea kuivisha bukari na sombe.

Mbali na Katanga, jiko la aina nyingine lilikuwa likitafutwa. Michael Faraday aligundua induksheni mwaka 1831. Katika miaka ya 1950 Frigidaire ilionyesha Marekani jiko linalotumia kanuni hiyo, na miaka ya 1970 Westinghouse ikaanza kuliuza. Chini ya kioo chake hukaa koili ya shaba. Umeme unaogeuka mwelekeo maelfu ya mara kwa sekunde huzalisha nguvu ya sumaku, na joto huzaliwa ndani ya kitako cha sufuria yenyewe. Shaba safi kama ya Shituru ndiyo inayofaa kwa nyaya za namna hiyo.

Mpishi wa Likasi angefaidika sana na vitufe vya jiko hilo. Kile cha kukoleza huazima nguvu ya upande wa jirani, na maji ya bukari yakachemka upesi. Sombe inayohitaji muda huachwa kwenye moto mdogo, saa ya jiko ikilizima wakati ukifika. Kitufe kingine hutunza chakula kikiwa moto bila kukiunguza.

Lakini vyote hivyo vinategemea umeme usiokatika. Ukikatika katikati ya mapishi, majiko mengi husahau yalichoagizwa. Sufuria za alumini, zilizojaa masoko ya Kongo, nazo hazipati moto kwenye majiko mengi ya aina hii. Yafaa kujaribu sumaku kwenye kitako kabla ya kununua.

SNEL, shirika la umeme la taifa, liliundwa mwaka 1970. Mwaka 1982 ulikamilika mstari wa umeme kutoka mitambo ya Inga hadi Kolwezi, wa kilomita 1,700 hivi, uliokusudiwa migodi na kuvipita vijiji vingi vikiwa gizani. Mwaka 2021 ukarabati wa Mwadingusha ulikamilika na mitambo yake sita ikarudi kazini ikiwa na megawati 78, kwa fedha zilizotoka upande wa mgodi wa Kamoa-Kakula. Mgodi ukatangulia tena.

Wakati huohuo miti ya miombo inaendelea kukatwa kwa ajili ya makala. Umeme wa Lufira ukipewa transfoma za kutosha na nyaya imara mitaani, familia za Likasi nazo zitapata fungu lao la mto uliozibwa karibu nao.